Sauti Iliyomfunika Mama Lois

Oktoba 2

Nimeanza kuandika tena kwa sababu Cynthia, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Anasema mtu anayelipwa kupiga domo redioni asubuhi yote hana haki ya kurudi nyumbani na kuendelea bure. Basi daftari litanivumilia.

Vuli haijafika. Voi ni vumbi na upepo, na kila mtu anatazama upande wa mlima Sagalla kama anayesubiri mgeni.

Leo Josephat, mwenye stesheni yetu, aliniita pamoja na Miraj, fundi wa mitambo. Shirika moja la Uingereza linatengeneza filamu kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu: Taveta, Salaita, Maktau, Kasigau. Toleo la Kiswahili wanataka liwe na sauti yangu. Kwa shukrani, stesheni itapata transmita mpya ya kurushia matangazo, yenye nguvu ya kufika hadi nyuma ya mlima Kasigau.

Nilifurahi kama mtoto. Mama Lois, mdogo wa marehemu mama yangu, anaishi Rukanga, chini ya mlima huo, na hajawahi kunisikia redioni hata siku moja. Huwaambia majirani kwamba pengine nimewadanganya na sina kazi yoyote.

Oktoba 5

Jua kali. Koo limekauka. Nimeshinda na maji ya tangawizi.

Oktoba 9

Tumetoka Rukanga. Austin, kijana wa Nairobi anayepiga filamu, aliweka kamera mbele ya nyumba ya Mama Lois na kumwomba azungumze Kiswahili. Mama Lois akakataa.

"Hadithi hii mama yangu alinipa kwa Kidawida cha hapa Kasigau. Nikiitoa kwa Kiswahili nitaimwaga njiani. Danson yuko. Danson atanisemea."

"Sawa, shosh, hakuna noma," Austin akasema.

"Mimi si nyanya yako. Keti."

Akazungumza bila kusita. Alisema Wajerumani waliteka kambi ya Waingereza pale mlimani, na Waingereza wakatafuta wa kulaumiwa, wakatuona sisi. Wakaja na moto. Wakachoma vijiji vyote vya Kasigau, wakawaswaga watu kama mbuzi hadi kwenye reli, wakawapeleka Malindi. Homa ikawamaliza huko. Mama yake alikuwa mtoto, na alimwona dada yake akifukiwa mchangani bila hata jani la kumfunika. "Halafu wakatangaza milima yote kwamba sisi tuliwauza askari wao kwa Wajerumani. Ule moto ulizima. Hayo maneno hayajazima mpaka leo."

Hayo maneno nayajua. Baba yangu alikuwa mtu wa Mbololo, na nimekua nikiwasikia shangazi zangu wakimtania mama: "Nyinyi watu wa Kasigau, yule mzungu mlimuuza bei gani?" Mama alikuwa akicheka pamoja nao. Kisha anaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu.

Alipomaliza, Austin alinigeukia. "Amesemaje?"

Nikamjibu, "Anasema ulikuwa wakati mgumu sana."

Hakuna aliyeniomba nijibu hivyo. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Oktoba 14

Maelekezo ya shirika yamefika. Ni watu wa adabu. Hawakuniambia nidanganye, na ningependa kuliandika hilo vizuri, maana najijua, nitakuja kutafuta wa kumsingizia. Waliandika tu kwamba filamu itaonyeshwa nchi zote mbili, kwa hiyo lugha ya lawama iepukwe, na mkazo uwe kwenye "mateso tuliyoshiriki". Kwenye simulizi yao, watu wa Kasigau "walihamishwa kwa usalama wao". Sehemu ya Mama Lois wameniachia mimi nitafsiri, kwa kuwa mimi ni mtu wa familia.

Nimeisoma simulizi mara mbili, na kama mtu wa kazi hii niliipenda. Vijiji vinaungua na hakuna aliyeshika kiberiti. Watu wanahama na hakuna anayewasukuma. Waingereza waliandika hivyo tangu wakati ule, kwenye taarifa zao na magazeti yao, na wameandika hivyo kila walipokwenda kupigana kwenye nchi ya watu. Imenyooka kama barabara ya lami.

Jambo jingine. Harusi ya binti yetu Shanice imepangwa Desemba ishirini. Upande wa mama yangu aliyebaki wa kutasa ni Mama Lois peke yake.

Niandike maana yake, ili wajukuu wakilisoma daftari hili wasibaki wakikisia. Mzee hujaza maji kinywani, kisha huyapuliza nje yakaruka kama manyunyu, na kutaja hasira zake waziwazi ili zimtoke moyoni. Akimaliza, baraka yake inakuwa safi. Asipoyapuliza, hasira imebaki ndani yake; akizificha, huo ni mchezo tu, na wazee wetu waliamini mtu anaweza kuugua kwa sababu ya hasira iliyobaki ndani ya mkubwa wake. Sisi ni watu wa kanisa, na mwinjilisti wetu hununa kila mara, lakini sijaona harusi ya ukoo wetu iliyopita bila kutasa.

Oktoba 21

Tumerekodi. Miraj alinivalisha vipokea sauti, akafungulia sauti ya Mama Lois, nami nikasoma juu yake:

"Vita vilitufukuza makwetu. Yalikuwa mateso ya kila mtu, mweusi na mweupe. Tulipelekwa Malindi kwa usalama wetu. Tulirudi, tukasamehe."

Mara ya kwanza nikasema ndivyo sivyo. Mara ya pili nikaipata: polepole, na katabasamu kadogo kwenye "tukasamehe". Hilo la kusamehe halikuwa kwenye maelekezo ya mtu yeyote. Nililitia mwenyewe, kwa kuwa lilifunga sentensi vizuri.

Miraj akasimamisha mtambo. "Danson, mimi lugha ya mamako siijui. Lakini yuasema mengi, nawe wasema machache."

"Ni tafsiri, Miraj."

"Haya. Nimshushe kiasi gani?"

Nilitaka kusema amshushe mpaka asisikike. Austin, aliyekuwa akitusikiliza kwa simu, akawahi: "Muache kidogo chini yako, buda. Inaleta ladha."

Kwa hiyo yuko pale, chini yangu, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Oktoba 22

Josephat amenisifu mbele ya wote. Sikula mchana.

Oktoba 30

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zake Tanzania.

Novemba 4

Mvua! Barabara ya sokoni imekuwa mto, na wanawake wanauza mboga wakicheka. Mama Lois amepiga simu kusema amepanda pojo, na kwamba ndovu wakija safari hii watamkuta na ile filimbi ya refa niliyompa ya kuwafukuzia. Akauliza filamu itakuja lini. Nikasema bado. Akasema, "Nimewaambia watu wote hapa kwamba mtoto wetu ndiye atakayenisemea."

Nimefikiria jambo, na naliandika ingawa linanitia aibu. Hasira haiji mpaka ujue. Mama Lois macho yake yamechoka na masikio yake si ya zamani. Wakionyesha filamu, atajiona, atafurahi, basi. Akiwa hajui, hana hasira nami. Akiwa hana hasira, kutasa kwake kutakuwa safi, na Shanice ataolewa salama. Nililipanga hivyo kitandani, nikaona limekaa vizuri.

Novemba 11

Siku ya kuwakumbuka askari. Nilisoma tangazo. Nilipita makaburi yao hapa Voi, nyasi zimekatwa, kila jiwe na jina lake. Sina ugomvi na waliolala pale, wengi walikuwa vijana wadogo. Lakini dada ya bibi yangu yuko mahali fulani Malindi, na mimi niliyesoma maelfu ya matangazo sijui hata jina lake. Sikumuuliza Mama Lois. Naogopa kumpigia simu.

Novemba 15

Nimerudi kutoka Rukanga na nguo zimelowa. Nitaandika yote kwa mpangilio, la sivyo kichwa kitapasuka.

Filamu ilikuwa ionyeshwe uwanjani, mvua ikatukimbiza kanisani. Watu walijaa hadi madirishani. Mama Lois alikaa mbele kabisa na leso yake mpya, na amewekewa kiti chenye mto. Aliponiona aliupiga mkono wa kiti: njoo, kaa hapa. Nikakaa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mizinga, ramani, askari wamepanda nyumbu. Watu wakacheka nyumbu mmoja alipokataa kwenda. Kisha uso wa Mama Lois ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango, na kanisa zima likapiga vigelegele. Hapo sauti yangu ikaanza.

"Vita vilitufukuza makwetu..."

Nilichosahau, mimi mjinga, ni mahali tulipokuwa. Voi au London, sauti ya chini ni ladha tu. Kasigau, ile ya chini ndiyo lugha yao. Nikaona vichwa vinainama mbele. Walikuwa hawanisikilizi mimi. Walikuwa wanajaribu kunipita.

Fanuel, mzee wa kanisa, akasimama. "Hebu zimeni Danson! Tunataka kumsikia Lois."

Austin akajaribu kueleza kwamba haiwezekani, sauti zimeshachanganywa, ni kitu kimoja.

"Zimeni Danson!" wakarudia wa nyuma. Wengine walikuwa wanacheka, nadhani kwa kunionea haya. Kisha mwanamke mmoja akaanza kurudia kwa sauti alichoweza kukinasa kwa Mama Lois, sentensi moja moja, kwa Kidawida. Waliochoma ni Waingereza. Waliotuswaga ni Waingereza. Juu yake, kutoka ukutani, mimi nikasema: "Tulirudi, tukasamehe."

Mama Lois hakunitazama. Alisubiri filamu iishe, akasimama bila kushika mkono wangu. Nilimfuata hadi kibarazani.

"Mama, nilitaka—"

"Ngoja. Mimi nilikuwa msichana mdogo, gari la sinema la serikali lilikuwa linakuja hapa. Wakati wa Mau Mau. Wanatuonyesha askari wa Malkia. Halafu kuna mtu mweusi na kipaza sauti, anatuambia ati wale wamefungwa kambini Manyani wanafundishwa useremala, wananenepa. Na kaka yetu alikuwa kazi ya reli Voi, aliwaona wakishushwa kwa treni. Aliona walivyokuwa. Sisi tulimcheka yule mtu mpaka tukalala."

"Mama..."

"Tulimcheka kwa sababu hakuwa mtoto wetu."

Akaenda zake kwenye mvua na leso mpya kichwani.

Novemba 16

Nilipomwambia Cynthia, aliacha kukunja nguo. "Na Shanice?" Hilo tu ndilo alilouliza.

Novemba 19

Nilimpigia Austin nikimwomba nirekodi upya, bila malipo, hata leo. "Buda, hiyo imeshatoka. Iko mashuleni. Na kusema ukweli, wewe ndio ulituletea hizo words. Mimi singejua." Ni kweli. Nilitaka nimkasirikie, nikakosa pa kuanzia.

Josephat akaniambia nitulie. "Wazee watasahau. Transmita iko njiani. Usiniharibie, Danson."

Novemba 24

Transmita imesimikwa. Tunafika Kasigau. Nilisalimia Rukanga kwa jina, kama nilivyoota miaka yote, na hakuna aliyepiga simu.

Novemba 27

Wasichana wa shule walinikuta nikinunua mahindi ya kuchoma karibu na stendi. Wamenitambua kwa sauti nilipokuwa nabishana na muuzaji. Wakanisomea, wote pamoja, wakiiga hata pumzi yangu: "Vita vilitufukuza makwetu. Yalikuwa mateso ya kila mtu, mweusi na mweupe." Na pale mwisho wakatia katabasamu.

"Mwalimu alisema tuikariri, iko na Kiswahili kizuri," akasema mmoja wao.

Nikawaambia hongera. Mungu wangu, niliwaambia hongera.

Desemba 3

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya Oktoba. Katikati ya kipindi nilimtazama Miraj kupitia kioo, naye akajua. Alifungulia rekodi ya Mama Lois peke yake, kama tulivyoichukua siku ile, bila mimi juu. Aliposema kipande, Miraj alisimamisha, nami nikakitafsiri neno kwa neno. Waingereza wakaja na moto. Wakatangaza kwamba tuliwauza. Dada yake mama akafukiwa mchangani. Sikutia pozi wala tabasamu. Nikasema kwamba maneno ya Mama Lois kwenye filamu niliyatunga mimi, Danson, na hakuna aliyenishurutisha.

Nikafungua simu za wasikilizaji. Mtu wa kwanza alikuwa mzee wa Mbololo, kwa baba yangu kabisa.

"Sasa Danson, unatuchanganya. Ile filamu mjukuu wangu alikuja nayo kwa simu. Inasema walihamishwa kwa usalama."

"Inasema uongo, mzee."

"Lakini ni wewe uliyesema."

"Ndiyo. Nilikosea."

"Basi tuamini ipi? Ile ulisema vizuri zaidi."

Wa pili akaniambia hivyo hivyo. Wa tatu akauliza kama ni kweli basi kwamba watu wa mama yangu waliuza wazungu, maana moshi hautoki bure. Mimi nimeifanya sauti hii iaminike kwa muda mrefu, kila asubuhi, taarifa za mvua na za vifo, sijawahi kukosea jina la marehemu. Leo nilipigana nayo hadharani, ikanishinda.

Josephat alinisubiri mlangoni. Alisema nipumzike hadi mwaka mpya, kisha tutaona. Miraj amepewa onyo. Nilimwomba radhi, akasema, "Wallahi afadhali. Tangu siku ile jambo hili lilikuwa laniwasha."

Desemba 5

Mvua. Sina pa kwenda asubuhi. Cynthia amenipa kazi ya kuchambua mchele wa harusi.

Desemba 12

Nilikwenda Rukanga. Pojo za Mama Lois zimechanua, ila upande mmoja ndovu wamepita. Alinipa chai. Nikapiga magoti kama mtoto, nikasema kosa langu lote, hata lile la kutumaini kwamba masikio yake yamekufa. Hapo alicheka kidogo.

"Nilikusikia redioni," akasema. "Nilijisikia na mimi mwenyewe. Sikujua ninapiga kelele namna hiyo."

Nikamuuliza jina la yule dada aliyezikwa Malindi. Akaniambia. Sitaliandika hapa. Lina wenyewe, na mimi bado sijarudishwa kati yao.

"Utakuja kwa Shanice?"

"Shanice amenikosea nini? Nitakuja."

"Na mimi, mama?"

Akaanza kukusanya vikombe. "Jana watoto wa shule walipita hapo barabarani wakiimba yale maneno yako. Watoto wa hapa, Danson. Wa Kasigau. Umesema ukweli mara moja. Ule uongo unasemwa kila siku."

Nikaosha vikombe mimi.

Desemba 16

Nimeanza kuzungukia shule, ingawa zimefungwa, kuwatafuta walimu wakuu. Leo mbili. Mwalimu mkuu wa kwanza alinisikiliza na kukubali kuiondoa filamu. Wa pili akasema angojee barua kutoka juu.

Desemba 19

Jioni hii Mama Lois ametasa.

Ukumbi ulikuwa sebule yetu, viti vimetolewa. Shanice alikaa kwenye kigoda na shuka mabegani, Cynthia ameshika bakuli la maji. Mama Lois akachota, akajaza kinywa. Akapuliza. Maji yakaruka juu ya nywele za Shanice, yakamwangukia usoni, naye akafumba macho akicheka na kulia. Mama Lois akasema alimkasirikia siku moja kwa kutopokea simu, na hasira hiyo iende na jua linalotua. Akapuliza tena, akamtakia watoto, na nyumba yenye mlango unaofunguka kwa wageni. Vigelegele vikapanda hadi kwa majirani. Shanice ni safi. Nitamshukuru Mungu kwa hilo mpaka nife.

Kisha akanigeukia. Hakuna aliyemwambia. Akanionyesha kigoda kwa kidole, nikakaa, magoti yakinigonga kidevuni, mtu mzima mwenye tumbo. Cynthia akamsogezea bakuli.

Mama Lois akachota maji, akajaza kinywa. Mashavu yake yakavimba. Akanitazama muda mrefu, macho kwa macho, na nikaona machozi yamemjaa. Nikafumba macho, nikainua uso kuyapokea.

Sikusikia kitu. Nilipofumbua, niliona koo lake likishuka. Aliyameza.

Akanifuta uso kwa kiganja, ingawa ulikuwa mkavu, akamuuliza Cynthia kama wali umeiva.